Mkalimani Asiyekuwa na Ikama

Jumatatu, baada ya sala ya alasiri, shemeji wa rafiki yangu alisimama mlangoni kwangu akasema, "Maalim, rafiki yako ametutangulia." Figo zilimsumbua mwaka mzima na zaidi, kwa hiyo habari yenyewe haikunishtua. Tulimzika kabla ya magharibi, watu wachache, mvua ikinyesha. Nimeshukuru kwamba nilipewa nafasi ya kulibeba jeneza lake. Mwenye kusoma safu hii anajua kwamba si kawaida yangu kulia hadharani, na sikusudii kulia leo. Lakini nina jambo la kusema juu yake, na jambo hilo si la kunipamba mimi.

Tulifahamiana Saudia, miaka ile mwanzoni mwa muongo huu, mawakala walipokuwa wakijaza ndege kwa madereva na wasichana wa kazi za nyumbani. Mimi nilikuwa Riyadh kwa mkataba, nikifundisha katika shule ya watoto wa wageni, karatasi zangu safi. Yeye alianzia Jeddah, mtaa wa Al-Safa, dereva wa familia: asubuhi shule, mchana soko, jioni harusi. Kafili wake, yule mwajiri aliyemwingiza nchini, alipokataa kumhuishia kibali cha ukaazi, yaani ikama, akaondoka bila ruhusa akaja kujificha Riyadh, mtaa wa Manfuha, katika chumba kimoja na Waethiopia wanne. Aliishi kwa vibarua, na akiliona gari la polisi hugeuza njia. Ijumaa alikuja kwangu kula wali. Mimi niliyesoma nahau na sarufi tangu utotoni nilipenda kumchokoza: "Hicho Kiarabu chako cha gereji, bwana, kinatia aibu." Naye hujibu huku anatafuna, "Cha kwako cha kitabuni, Maalim, hakinunui hata nyanya."

Siku moja aliniletea habari ya binti wa Kikenya, Mkristo kutoka upande wa Bungoma, aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba ya watu wenye uwezo. Binti alikimbia, akakamatwa, na madam wake akadai kwamba dhahabu ilitoka kabatini siku ile ile. Binti mwenyewe alikiri kwamba alilifungua lile kabati. Sasa alikuwa anapelekwa mbele ya kadhi, na adhabu ya wizi kule hakuna asiyeijua. Alihitajika mtu wa kumfasiria, na watu wa msikitini walikuwa wamenitaja mimi. "Utaweza?" akaniuliza. Nikamwambia nimesoma. "Kitabu sina shaka nacho," akasema. "Nauliza habari za jikoni na chumbani utaweza?" Niliona ananivunjia heshima, nikamjibu kwa mkato. Siku ya kesi akanipeleka kwa gari la kuazima. Askari wa mlangoni alizitazama karatasi zangu tu, naye akaingia nyuma yangu kama dereva wangu.

Kadhi alikuwa mtu mtulivu. Alimuuliza binti kwa nini alifungua kabati la tajiri wake. Binti akanigeukia, akasema haraka, kama mtu aliyekuwa ameyashika maneno mdomoni kwa wiki nyingi: "Mzee, mwambie kijana wa madam alikuwa anaingia kwa rumu yangu. Mlango hauna kufuli. Nikiambia madam, ananichapa na kiatu. Pasi yangu ya kusafiria walikuwa wameficha kwa hiyo kabati. Mimi sikutaka dhahabu yao. Nilichukua pasi yangu nikatoka."

Mimi nikasimama, nikamwambia kadhi kwa Kiarabu safi kabisa: anasema hakuwa na raha katika nyumba ile, akatamani kurudi kwao.

Wasomaji wangu wa pwani watanielewa, na ndiyo sababu naandika. Tumelelewa tukijua kwamba mambo ya aina ile hayatajwi mbele ya wakubwa, na kwamba kumsitiri mwanamke ni ibada. Nilidhani namhifadhia heshima yake. Kwa kweli nilikuwa naihifadhi ya kwangu, maana nisingependa maneno yale yatoke katika kinywa changu mbele ya mwanachuoni. Kadhi akaandika. Nikaiona sura yake ikikunjamana. Mtu asiye na raha anayefungua kabati la dhahabu, anaitwaje?

"Maalim," ikasikika sauti kutoka benchi la nyuma, "sivyo alivyosema."

"Tulia," nikamnong'oneza. "Unajua huna karatasi."

"Mficha uchi hazai. Mwambie wewe, ama nitamwambia mimi."

Nikaketi. Akasimama. Kwa Kiarabu chake cha gereji akamweleza kadhi kwamba tafsiri ilipungua, na kwamba yeye yuko tayari kuikamilisha. Kadhi akamuuliza ni nani na ikama yake iko wapi. Akaitoa mfukoni akaiweka mezani. Ilikuwa imekwisha miaka miwili nyuma. Kadhi akaitazama, akamtazama, akasema, "Maliza kwanza." Akafasiri karibu saa nzima, kijana, mlango, kiatu, pasi, neno kwa neno, bila kupunguza wala kutia chumvi. Binti aliposhindwa kusema, naye alisubiri. Kisha askari wakaja kumchukua rafiki yangu. Alipopita mbele yangu akasema, "Ijumaa wape wale Waethiopia wali wangu, usiutupe."

Kesi ya wizi ilifutwa wiki chache baadaye. Habari ya yule kijana sikusikia ikiulizwa na yeyote. Binti alizuiliwa miezi minne kwa kosa la kutoroka, kisha akarudishwa kwao. Rafiki yangu alikaa wiki saba katika kituo cha wanaorudishwa makwao, akapandishwa ndege na nguo alizovaa. Sikwenda kumtazama hata mara moja. Niliogopa kuulizwa ni nani aliyemwingiza mahakamani. Nilimwombea dua nikajiambia inatosha. Haikutosha.

Mwenyezi Mungu alinirudisha nyumbani salama, namshukuru, nikamkuta huku huku kwetu, mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo. Ni kazi isiyo na sifa: raia wawili huketi na hakimu, wakasikiliza, wakatoa uamuzi pamoja naye. Siku moja niliyokwenda kusikiliza aliletwa mfugaji wa Kibarbaig aliyeshtakiwa kuiba ng'ombe. Kila aliloulizwa aliitikia kwa kichwa. Rafiki yangu akainua mkono: "Mheshimiwa, huyu haelewi. Anatuheshimu tu." Mzee mwenzake akachukizwa. "Kiswahili ni lugha ya taifa. Raia gani asiyejua Kiswahili?" Akamjibu, "Raia huyu hapa, umekaa mbele yake." Kesi ikaahirishwa mpaka mkalimani akapatikana. Mfugaji alifungwa miezi sita vile vile. Nilipomwambia rafiki yangu kwamba amehangaika bure, akasema, "Amefungwa akijua kwa nini. Kuna wanaofungwa hawajui."

Miezi miwili kabla hajafa nilikwenda kumtaka radhi kwa yale ya Riyadh. Alikuwa amelala ubavu, miguu imevimba. "Mimi nilikusamehe zamani, Maalim," akasema. "Lakini wa kuombwa si mimi." Nimeuliza kwa watu wa Bungoma ninaowajua, na wao wakauliza wengine. Mpaka leo sijampata yule binti.

Tunawataka raia wajue lugha ya nchi yao, na ni haki kuwataka. Tunawataka wahamiaji wajue lugha ya wenyeji, na labda hiyo nayo ni haki. Lakini mtu akisimama mbele ya wanaomhukumu, mzigo wa kuelewana hauwi wake peke yake. Ni wa kila aliyeketi pale, na ni mzito zaidi kwa aliyesoma. Dini yetu imekataza kuficha ushahidi. Sikumbuki kwamba iliruhusu kuufunika kwa adabu. Jana mtendaji wa kata alikuja kuniomba nikalie kiti alichokiacha marehemu. Nimekubali. Ila kabla sijaapa nitamweleza hakimu, mbele ya watu, kwamba niliwahi kukabidhiwa maneno ya mtu nikayapunguza, ili apime mwenyewe kama nafaa.