Kompyuta Iliyozima Akikaa Rhobi

Alhamisi, mwezi wa nne. Mvua ya alfajiri imekatika saa mbili, ukungu ukabaki mlimani mpaka saa nne, kisha jua.

Mwanangu, umenipigia simu kwamba kompyuta ya hapo kwako inazima yenyewe kila mara, na fundi ameshaifungua mara mbili bila kuona kitu. Mimi si fundi. Shule yangu ni darasa la saba, na hata haya ninayoandika sina hakika kama nayapanga sawa. Lakini jambo kama hilo lilinikuta nikiwa na miaka ishirini na minne, na nimeona niliandike kuliko kulisema kwenye simu, kwa sababu kwenye simu ningejipendelea.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya kiangazi. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili hapa Nyamisangura, wewe hujazaliwa, kaka yako Chacha anatambaa. Baba yako, akiwa mwalimu wa shule ya msingi, alinunua kompyuta iliyokwisha kutumika, ya zile za zamani zenye kioo kinene kama televisheni na boksi pembeni tunaloliita sipiyu. Bibi yako wa Busawe alipopata habari alitufumia kitambaa cha kuifunika. Kilikuwa cheupe, kina maua mekundu pembeni, na kwa chini akashonea kitenge ili vumbi lisipenye. Alikifuma msimu mzima. Unajua sisi, redio tunaifunika, viti tunavifunika, na kompyuta ndiyo ilikuwa kitu kikubwa kuliko vyote mle ndani.

Shangazi yako Rhobi, mdogo wake baba yako, alikuja kukaa kwetu ajifunze kuchapa. Kulikuwa na ofisi moja mjini iliyotaka karani, na mtihani wake ulikuwa baada ya wiki tano. Kule Busawe wageni wa posa walikuwa wamekuja mara mbili. Babu yako aliwaambia wasubiri kwanza mtihani upite. Akishindwa, warudi tuongee. Sisemi kijana aliyeleta posa alikuwa mtu mbaya, sikumjua. Ninachojua ni kwamba Rhobi hakumtaka, na kwamba hakuwa na mlango mwingine wa kutokea isipokuwa ile kompyuta.

Basi ikaanza kuzima. Anachapa ukurasa mmoja, labda na nusu, kioo kinakuwa cheusi kama kimepigwa. Ukiwasha papo hapo inagoma. Ukiiacha mpaka umalize kuosha vyombo, inawaka vizuri kabisa.

Tulisema ni umeme, baba yako akatafuta stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme. Ikazima. Tukaipeleka kwa fundi mjini. Akasema ina virusi, akaweka programu zote upya, akachomoa ile kadi ya ram akaisugua kwa kifutio cha penseli, akaiwasha asubuhi mpaka jioni juu ya meza yake. Haikuzima hata mara moja. Tukairudisha nyumbani. Rhobi akakaa. Ikazima.

Fundi nisimlaumu. Kwake ilikuwa nzima kweli.

Sasa kilichonichanganya ni hiki. Mimi nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha akina mama, nachapa taarifa za vikao, na nikikaa mimi haizimi. Nilianza kuandika kwenye daftari langu, maana tabia hii ya kuandika siku na hali ya hewa ninayo tangu nikiwa msichana. Nikaandika: Jumatatu, jua kali, Rhobi, imezima. Jumanne, mawingu, mimi, haikuzima. Jumatano, upepo, Rhobi, imezima. Hivyo hivyo mpaka jina la Rhobi likafika mara saba, na mimi mara sita bila kosa. Nililionyesha daftari lile kwa baba yako kama mtu anayeonyesha cheti.

Akalisoma, akakuna kichwa. "Labda anabonyeza kwa nguvu," akasema.

"Ana mkono mzito," nikasema mimi. "Wengine wameumbwa hivyo. Hata saa ya ukutani ilisimama alipoigusa."

Saa ilikuwa imeishiwa betri. Nilijua. Nilisema tu.

Maneno hayo yakamfikia Rhobi, nyumba ya vyumba viwili haina siri. Kuanzia hapo akawa anaogopa hata kuigusa kompyuta. Wiki tatu zilikuwa zimebaki, na mimi ndiye niliyetuma salamu Busawe kwamba waje wamchukue mtoto wao kabla hajaua mashine ya watu. Nilijiambia namhurumia baba yako. Nikikumbuka vizuri, nadhani nilikuwa pia nimechoka kupikia mtu mzima asiyekuwa wangu. Sina hakika. Naandika yote mawili.

Bibi yako akafika wiki mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, na kibuyu cha maziwa. Begi la Rhobi lilikuwa mlangoni, limefungwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mama Chacha. Na huyo mgonjwa wenu anaendeleaje?"

"Yuko ndani, mama, amelala," baba yako akatania, maana mgonjwa mwenyewe ni kompyuta.

Bibi hakucheka. Akakaa kwenye kigoda, akasema, "Kabla sijamchukua mtoto nataka nione anavyomuua."

Rhobi akakaa mbele ya kompyuta. Nilikuwa sijawahi kumwangalia anavyoanza. Kila mara nilikuja baada ya kioo kuwa cheusi. Akakishika kile kitambaa kwa mikono miwili, akakifunua taratibu kama anamfunua mtoto aliyelala, akakikunja kwa nyuma, kikatulia juu ya sipiyu na kushuka mgongoni mwake. Akawasha. Akachapa. Sote tukawa tunasikiliza vidole vyake. Kabla hata ugali wa watu wawili haujaiva, kioo kikazima.

"Si unaona, mama," nikasema.

Bibi akainuka. Ameishi na ng'ombe maisha yake yote. Ndama akizubaa, anamshika sikio kwanza, ndipo anauliza mengine. Akaweka mgongo wa kiganja chake ubavuni mwa sipiyu, akakiacha hapo.

"Huyu ana homa."

"Mama, hiyo ni mashine," baba yako akasema.

"Nimeona ni mashine. Ana homa hata hivyo. Anapumulia wapi?"

Rhobi akaonyesha nyuma. "Kuna feni, mama. Inatoa hewa hapa." Akanyanyua ncha ya kitambaa, na joto lililotoka pale nililisikia nikiwa nimesimama mbali.

"Na nani amemziba pua?"

Rhobi akainamisha macho. "Ni kitambaa chako, mama. Sasa ningekiweka wapi? Chini?"

Bibi akanigeukia mimi.

"Wewe ukikaa, mama Chacha, unakiweka wapi?"

Mwanangu, ningeweza kusema kitini. Ningeweza kusema kitandani. Baba yako ananitazama, Rhobi ananitazama, na begi liko mlangoni. Kile kitambaa kina msimu mzima wa vidole vya mkwe wangu.

"Sakafuni, mama," nikasema. "Nakivuta, nakitupa sakafuni. Siku nyingine Chacha anakikalia."

Bibi akaniambia polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma: "Kwa hiyo mwenye adabu ndiye anayefukuzwa."

Halafu akaomba daftari. Alikuwa amesikia habari zake. Yeye hakujua kusoma, akampa Rhobi. "Nisomee."

Rhobi akasoma kwa sauti, bila kuruka. "Jumatatu, jua kali, Rhobi, imezima. Jumatano, upepo, Rhobi, imezima." Akasoma jina lake mara saba mbele yangu, kwa sauti ileile ya mtu anayesoma tangazo. Nilitamani nilinyakue.

"Umeandika jua, umeandika upepo," bibi akasema. "Umeandika nani. Anafanya nini hukuandika. Ng'ombe akianguka malishoni, mimi naanza kutazama alichokula na maji aliyokunywa. Ukianza na mchungaji, utampiga bure, na kesho ng'ombe mwingine anaanguka palepale."

Kisha akakivua kitambaa chake mwenyewe, akakitikisa, akakipeleka kwenye meza ya chakula. "Kikae huku," akasema. "Kama mtu ana homa simfuniki zaidi."

Rhobi akachapa tena, kurasa nne, bila kitu kuzima. Baba yako akaliingiza begi ndani. Nisiseme haikuzima tena kamwe. Ilizima mara mbili, na zote mbili umeme ulikatika mtaa mzima.

Mtihani ule wa kwanza Rhobi hakufaulu. Wiki mbili alizokuwa anaogopa kugusa zilimpunguzia kasi, na lawama ya hizo naiweka kwangu. Babu yako alikubali asubiri mwingine, na huo akafaulu, na wageni wa posa wakaambiwa asante. Rhobi aliniita wifi kwa heshima siku zote. Lakini karibu mwaka mzima, nikiingia chumbani akiwa anachapa, vidole vyake vilikuwa vinasimama mpaka nitoke. Nilimwomba radhi, akasema yameisha. Vidole havikusema hivyo.

Basi, mwanangu, nisikilize. Mashine ikizima, anza na mashine. Iguse uone kama imechemka. Sikiliza kama feni inazunguka, na utazame nyuma yake, maana huko hatutazami tukishaiweka ukutani. Kwa fundi ikiwaka na kwako ikizima, usiseme fundi mwongo. Uliza kwako kuna nini ambacho kwake hakuna. Badilisha kitu kimoja tu, ukae nacho siku mbili, ndipo uguse kingine. Inawezekana kwako ni jambo jingine kabisa, mimi najua hilo moja tu lililonipata. Na ukiandika, jiandike na wewe: ulifanya nini, uliweka nini wapi, hata kama linakuaibisha. Jina la mtu mwingine liwe la mwisho kuandikwa. Kabla hujaliandika, jiulize kama ungeweza kumpa yeye mwenyewe daftari alisome kwa sauti, wewe umekaa hapo.

Mungu akupe mkono wa subira na macho yasiyo na haraka. Awabariki wote mnaoamka nyumba moja, msalimiane asubuhi mkiwa wazima, na kazi ya kila mmoja wenu ifike mwisho wake.

Jioni tumekula ugali wa mtama na mboga ya mgagani iliyopikwa kwa maziwa. Baba yako ameongeza mara mbili.