Firigisi ya Baba

Desemba ni mwezi wa fundi wa viyoyozi kufunga mkanda. Watu wa Muscat, ambao tangu Aprili wamekuwa wakilia na joto, wanafungua madirisha, na simu ya mume wangu, ambayo Julai hailali, inanyamaza. Ovataimu inakufa. Mwaka huo tena tulikuwa tumetoka kumleta binti yetu kutoka Kenya, na anayejua habari za viza na tikiti hahitaji kuelezwa tulibaki na nini. Tulibaki sisi watatu, chumba na sebule huko Ansab, na mpango wa kununua kuku mmoja.

Mimi si mtu wa kulalamika. Mume wangu akisoma hapa atacheka, lakini ni kweli: nalalamikia watu, silalamikii hali. Unga wa chapati tulikuwa nao, mafuta tulikuwa nayo, na sahani tatu zilizofanana. Kilichoninyima usingizi kilikuwa kingine kabisa. Kilikuwa adabu ya mtoto.

Nilimwacha kwa mama yangu akiwa bado anajifunza kutamka maneno, nikaja huku kuosha na kusuka nywele za watu kwenye saluni moja ya Azaiba. Alipotoka kwenye mlango wa uwanja wa ndege alikuwa msichana wa miaka minane, magoti marefu, amebeba begi lake mwenyewe, akatusalimu mimi na baba yake kwa kutushika mkono. Mkono! Tangu siku ile aliishi kwetu kama mtu aliyekuja kwenye mkutano. Aliomba ruhusa ya kufungua friji. Aliomba ruhusa ya kukaa. Akimaliza kula alisema "asante kwa chakula" na kwenda kuosha sahani yake, yake tu, kama aliyeogopa kugusa za wenyewe. Kabati nilimpa, lakini nguo zake zilikaa ndani ya begi, zimekunjwa vizuri, zipu imefungwa.

Wenzangu saluni walisema nina bahati, eti watoto wa siku hizi hawana heshima. Nilitaka kuwamwagia maji ya kuoshea nywele. Mtoto ambaye hajakununia, hajakulilia peremende dukani mbele ya watu, hajakuuliza "kwa nini" mpaka ukachoka, huyo hajawa wako. Huyo ni mgeni wako.

Na mgeni huyo alikuwa na siku ya kuondoka. Mama yangu alikubali kumtoa kwa sharti moja. "Kaeni naye mpaka Krismasi," alisema. "Akizoea, haya. Asipozoea, mnirudishie aanze shule huku Januari. Sitaki mtoto akonde ugenini." Tukakubali, maana na sisi tuliogopa. Mtoto mwenyewe aliyasikia yote. Kila jioni akiwa anapanda kitandani aliuliza, kwa adabu ile ile, "Krismasi ni lini?" Najua watoto huuliza hivyo kwa sababu ya zawadi. Huyu hakuwa akiuliza zawadi.

Sasa habari ya kuku. Kwetu magharibi ya Kenya kuku ana katiba yake. Paja lina mwenyewe, shingo ina mwenyewe, na firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mwanamke anaweza kumpikia mume kuku mzima na viungo vyote vya duniani, lakini mume asipoona firigisi kwenye sahani yake ni kana kwamba hakupikiwa. Kuna ndoa zilizopelekwa mbele ya wazee kwa ajili ya firigisi. Mimi nimesoma, nina akili zangu, na naona ni ujinga mtupu. Lakini mume wangu nampenda, na yule mwanamume alikuwa amekula Krismasi zake zote za Oman bila firigisi, kwa sababu kuku wa barafu wa dukani huja na tumbo tupu. Kila mwaka aliigeuza sahani yake, akatikisa kichwa na kusema, "Maskini kuku huyu, sijui aliishije." Nikaapa kwamba mwaka huu, hata tukikosa soda, firigisi itakuwepo.

Siku moja kabla ya sikukuu nikaingia kwenye duka la kuku hai. Nikachagua jogoo, muuzaji Mbangali akamchinja, akamnyonyoa kwa mashine, akamfungua tumbo, na kabla sijapumua akawa ameshatupa kila kitu cha ndani kwenye ndoo. Nilipiga yowe ambalo jogoo mwenyewe hakulipiga.

"La, la, sadiki! Hadha mal ana!" nikamwambia kwa Kiarabu changu cha saluni. Hicho ni changu.

"Hadha zibala, madam," akasema kwa upole. Hizo takataka.

"Takataka ni wewe!" Hiyo niliisema kwa Kiswahili, Mungu anisamehe. Mwishowe akainama kwenye ndoo akapekua, akanitolea firigisi moja, akaiosha bombani huku akinitazama kwa huruma. Nadhani aliamini tumelala njaa wiki nzima. Nilitoka pale nimeibana kwenye mfuko wake peke yake kama hirizi.

Siku ya Krismasi yenyewe, huku ni siku ya kazi kama nyingine. Tuliwahi ibada ya asubuhi Ghala kabla mume wangu hajaingia kazini. Nilikuwa nimekata kitenge changu cha zamani nikamshonea binti gauni kwa mkono, kwa sababu Krismasi bila nguo mpya haikubaliki, na yeye alisema, "Asante sana kwa gauni," akasimama nalo wima bila kuegemea kitu. Pale uwanjani pa kanisa wasichana wa Uganda waliopata ruhusa kwa mabosi wao waliimba kwa nguvu ya watu ambao watarudi kupiga deki saa nne. Mume wangu, ambaye sauti yake haifai hata kuita teksi, aliimba pia. Nilikuwa na furaha. Nasema wazi, pamoja na hofu yangu yote, nilisimama pale katikati yao nikawa na furaha mpaka nikaona haya.

Baba akaenda kwenye mapaa yake ya viyoyozi, mimi na binti tukarudi nyumbani kupika. Ukutani tulikuwa tumebandika nyota tulizokata kwenye zile karatasi za foili tunazotumia saluni kupakia nywele rangi, na jua la dirishani likazifanya ziwake kuliko taa za madukani. Tukakanda unga. Chapati za binti zilitoka duara kamili, mkono wa nyanya yake ule. Zangu zilitoka ramani ya Kenya, pamoja na Ziwa Turkana.

"Cheka tu," nikamwambia.

"Hapana," akasema. "Ni nzuri."

Kuku alikuwa anatokota, nyumba inanukia bizari, na mtoto wangu ananisifia chapati kama balozi.

Kwetu chakula cha Krismasi hakiliwi kabla jirani hajaonja. Nikapanga chapati chache kwenye sahani, nikamwambia binti aangalie moto, mchuzi ukikauka aongeze maji, nikashuka kwa bibi wa ghorofa ya chini. Huyu ni Momani aliyezaliwa Unguja, na tangu agundue kwamba najua Kiswahili hajawahi kuniachia nipite mlangoni pake kwa amani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nnasikia harufu tokea asubuhi, nikasema leo walio juu wana jambo lao."

"Leo ni Krismasi."

"Hongereni! Ingia, usisimame hapo."

"Nimeacha sufuria motoni, bibi."

"Kwani sufuria ina miguu? Kaa unywe kahawa."

Nikakaa. Kwa bibi yule huwezi kunywa kikombe kimoja, na hakuna swali lisilozaa jingine. Akafika kwa mtoto. "Mbona mpole vile? Kila nikikutana naye kwenye ngazi ni shikamoo, nkimpa tende ni asante, lakini haili mbele yangu. Wajukuu zangu mie hunipekua mkoba!"

Nikamweleza. Sijui kwa nini, labda ni ile kahawa. Nikamwambia kuhusu begi ambalo halifunguliwi, na mama yangu, na Januari. Nikasema naogopa kwamba mtoto wangu ananiheshimu tu. Bibi alisema, "Wallahi, mtihani huo," akanishika goti. Kisha akaichukua sahani yangu na kuijaza halwa, kwa sababu sahani ya jirani hairudi tupu, nami nikapanda ngazi macho yakiniwasha.

Mume wangu alifika alasiri, vumbi la mapaa mabegani. Akaoga, akavaa shati la harusi yetu, ambalo siku hizi halifungi kifungo cha tumbo. Tukatandika mkeka sebuleni, tukaomba, nikashika upawa. Sahani ya baba kwanza. Nikampa paja, nikampa kidari, nikazamisha upawa kuitafuta firigisi. Nikazamisha tena. Nikaipekua sufuria ile kona kwa kona, mpaka mchuzi ukaniruka mkononi. Haikuwemo.

Mbangali asingesingiziwa, maana nilikuwa nimeikata mistari na kuitia mwenyewe. Nikainua macho. Binti yangu alikuwa anasoma vigae vya sakafu kwa makini sana, na kwenye kifua cha gauni lake jipya palikuwa na tone la mchuzi.

"Nani amekula firigisi?" nikauliza, ingawa tulikuwa watu watatu na mmoja ndiyo kwanza ametoka kazini.

"Mimi," akasema.

"Wewe!"

"Nilikuwa naonja chumvi."

"Chumvi inaonjwa kwenye mchuzi!"

"Mchuzi ulikuwa moto."

Hasira zangu hazina breki. Nikamfokea sawasawa. Nikamwambia firigisi ile ni ya baba yake, kwamba nimeipigania kwenye ndoo, nimetukana mtu asiye na hatia kwa ajili yake, na yeye nikigeuka kidogo tu anafunua sufuria kama paka. Na hapo mtoto wangu akainua kichwa, amekunja uso kama ninavyokunja mimi, akapaza sauti:

"Lakini ulikaa sana huko chini! Mimi nilikuwa na njaa!"

Nikabaki na upawa hewani. Mume wangu akanitazama. Yeye alikuwa ameshaelewa kabla yangu, nilimwona mabega yakimtikisika. Akauliza kwa sauti ya jaji, "Ilikuwa tamu?"

"Ngumu ngumu," binti akajibu, bado amenuna. "Ungeipika zaidi, mama."

Mume wangu akaangua kicheko mpaka shati la harusi likapoteza kifungo kingine. Mimi nilicheka, nikalia, nikamvuta yule mwizi nikambana, naye akawa anajisukuma akiniambia namchafua gauni. "Mnacheka nini?" akauliza kwa hasira, na swali hilo likatuua kabisa. Tulikula chapati za duara na za ramani huku tukicheka. Sijawahi kula Krismasi tamu kama ile, na sitegemei kuila tena.

Jua likiwa linazama, mama yangu akapiga simu. Nikaiweka spika, tusikie wote. Alikuwa na ile sauti ya mtu aliyejiandaa.

"Umekula nini, mjukuu wangu?"

"Chapati na kuku na halwa," binti akasema. "Na firigisi."

"Firigisi ya nani?"

"Ya baba."

Nilidhani mtandao umekatika. Nikajitayarisha kumtetea mtoto, kwa kuwa mama yangu ni mkali kuliko mimi.

"Kumbe ameanza!" akasema mama, na kucheka kwa nguvu. "Sikutaka kuwaambia, mngesema nimemharibu. Huku mimi shingo ya kuku naisikia kwa majirani tu tangu huyo ajue kutembea. Hakuna sufuria aliyoiheshimu."

Alicheka tena, lakini kicheko kikaisha kabla ya wakati wake. Nikamsikia akivuta pumzi. Mimi na mume wangu tulikuwa tumeacha kutafuna.

"Basi amefika," mama akasema. "Nilikuwa nimeshamshonea sare ya Januari. Nitampa mtoto wa jirani."

Nikataka kumwambia asante, mama, nikabaki nimeishika simu kwa mikono miwili. Nyuma yangu nikasikia kifuniko kikifunguliwa. Binti yangu alikuwa jikoni anatafuta chapati iliyobaki, bila kumwomba mtu ruhusa.