Penseli Iliyoombewa

Nikichonga penseli kwa wembe, hugeuza uso nisinuse ile harufu ya mti mkavu. Mimi ni fundi wa cherehani hapa Noonkopir, mtaa wa Kitengela, nashona sare za shule, na penseli ndiyo natumia kuweka alama kwa kitambaa. Wateja huniuliza mbona nachonga nikiwa nimegeuza uso. Huwajibu ni macho. Si macho. Nyinyi nitawaambia.

Miaka ya tisini Kitengela ilikuwa bado mbuga. Nyumbu walipita nyuma ya vyoo vya shule na mwalimu wa zamu akawafukuza kwa kengele. Baba alivunja mawe kwa machimbo. Kila mwezi watu walikuja, wengine kutoka Ukambani kama sisi, wengine Kiambu, ploti zikakatwa, na darasani tukajaa hadi dirishani. Mbele waliketi watoto wa wenye maduka, wale wa tuisheni ya jioni. Nyuma tuliketi sisi wa machimbo pamoja na Wamaasai, ambao wengine walipotea ng'ombe wakihama na kurudi mvua ikirudi. Hakuna aliyetupanga hivyo. Tulijipanga, kama maji yanavyojua bonde.

Mwalimu mkuu alikuwa Mwongela. Naandika jina lake bila Bwana. Alikuwa Mkamba mwenzetu, kwa hivyo mama alimwamini kama ndugu yake. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Gathuku, tajiri wa ploti, ambaye kila mkutano alisema jambo moja: wastani wa mtihani upande. Nikiwa darasa la saba wastani ulipanda, tukawa wa kwanza tarafa nzima. Tulimbeba Mwongela kuzunguka uwanja tukiimba. Mguu wake wa kushoto ulikuwa begani mwangu, ukinuka rangi ya viatu, nami niliimba mpaka sauti ikakauka.

Mwaka uliofuata, nikiwa la nane, baada ya mtihani wa majaribio wa muhula wa kwanza, alichora mstari kwa kiboko kwenye vumbi la paredi.

"Nitakaowaita, vukeni."

Aliita wanane, sote wa nyuma, wa alama za chini. Mimi nilikuwa wa tatu. Wa mwisho alikuwa Sein, msichana wa Kimaasai tuliyeketi naye dawati moja, mrefu, mdomo haufungi.

"Nyinyi mtafanyia mtihani wa mwisho kule chini, shule ya Mwalimu Sankei," Mwongela akasema. "Huko hakuna msongamano. Majina nimeshapeleka."

Sein akanong'ona, "Anatutoa zizini kama mbuzi wa upele."

Nilimfinya anyamaze. Nyumbani mama aliposikia alisema, "Mwalimu anajua. Wewe fanya, hata ukifanyia juu ya mti." Na mimi nilijua kitu kimoja tu: nisipofanya ule mtihani, ni beseni ya kufulia watu nguo, kama yeye.

Basi nilisoma. Hesabu ilinipiga lakini nilisoma, taa ya mafuta ikanichoma nywele za mbele.

Wiki moja kabla, tulikuwa na siku ya maombi. Kwetu mtihani hauanzi mpaka penseli ziombewe. Wazazi walijaa uwanjani, mama amevaa kitambaa chake cha kanisa, kadi za saksesi, za kututakia heri, zikapita mikononi. Tuliinua penseli juu, msitu mzima wa penseli mpya, pasta akaziombea zisivunjike wala zisisahau. Kisha Mwongela akapita akituwekea mikono kichwani mmoja mmoja. Kwangu alikawia. Kiganja chake kilikuwa na jasho. Mama alilia kwa furaha, akasema mwalimu ameniona.

Siku yenyewe mimi na Sein tulitoka mapema, umande ukitulowesha soksi, wale sita wengine nyuma yetu. Shule ya Sankei ilikuwa madarasa manne ya mabati. Msimamizi alisoma majina mlangoni, polisi kando yake. Alisoma yote, akakunja karatasi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameitwa.

Sankei, mwalimu mkuu wa pale, akatuvuta kando.

"Nyinyi hamkuandikwa. Karatasi yenu nilimrudishia Mwongela tangu Aprili. Kwani ni yeye tu anataka kubebwa juu?"

"Na sisi, mwalimu?" Sein akauliza.

"Rudini kwenu, watoto."

Mlango ulifungwa. Tukasikia viti vikivutwa ndani, halafu karatasi zikigawanywa. Bado nilikuwa nimeinua penseli.

Mama alienda kwa Mwongela. Sijui alimwambia nini. Jibu alilorudi nalo ndilo hili: "Amesema urudie la saba. Amesema hukuwa mtu wa kupita." Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikataa. Mama hakunigombeza, alisukuma beseni kwangu kwa mguu, polepole, akiangalia kando. Sein alipelekwa Rombo, kule mpakani, kwa shangazi yake.

Matokeo yalipokuja shule ikawa ya kwanza tena. Wimbo ulipita mbele ya lango letu, Mwongela yuko juu, Gathuku akipiga makofi. Nilianika shuka ili wasinione.

Nimewataja wote watatu walioninyima mtihani, na majina yao sitayafuta. Lakini jina la nne, la niliyemkosea mimi, lilinichukua miaka mingi kulitaja, nikiwa tayari niko na watoto wangu shuleni. Mwaka ule wa la saba, ule wa kubeba mguu, darasa la nane lilikuwa na mvulana anaitwa Lekishon. Wiki ya mtihani hakuonekana, yeye na wengine wa nyuma. Mimi na Sein tulikimbilia dawati lao, tukalivuta hadi darasani kwetu, tukafurahia nafasi ya kunyoosha miguu. Mtu aliuliza wako wapi. Mimi ndiye nilijibu, nikicheka, "Si wamehama na ng'ombe."

Ng'ombe za kina Lekishon hazikuwa zimehama, zilikuwa pale ng'ambo ya mto. Nilipokuwa nimeketi kwa dawati lake, nilikuwa naziona dirishani.