Mabibo kwenye Tangi la Subaru

Msimu ule mabibo yaliiva kwa fujo huko Marambo, yakaanguka chini ya mikorosho mpaka mbuzi wakayakinai. Watu walinyofoa korosho, wakatupa mabibo pembeni yaoze. Faudhia binti Jumaa alipita nyuma yao na ndoo zake, akiyaokota kwa hasira kama mtu anayeokota mawe ya kumpiga nayo nyoka.

"Mama Mudrik, mwaka huu tena unapikia gari?" Fatu, jirani yake, alimuuliza akicheka kwa shavu moja.

"Napikia mtu," Faudhia alisema, akaenda zake.

Kijiji kizima kilijua habari ya kupikia gari. Mwanawe Mudrik alikuwa fundi katika gereji ya Rashidy kule Ruangwa, na Rashidy alikuwa na Subaru yenye turbo, gari la mashindano, lenye mlio wa kuamsha wafu. Mudrik ndiye aliyelifundisha kunywa spiriti. Alibadilisha pampu ya mafuta, akaweka nozeli kubwa zaidi, kwa kuwa spiriti huliwa nyingi kuliko petroli. Mipira ya mafuta iliyokuwa ya zamani akaing'oa yote, isije ikalainika na kupasuka. Akafunga na sensa ya kuipa injini habari: leo tangini mna spiriti kiasi gani na petroli kiasi gani. Ukijaza petroli tupu, linakwenda. Ukichanganya nusu kwa nusu, linakwenda kwa hasira zaidi.

Spiriti yenyewe ilitoka kwa mama yake. Mabibo yalikamuliwa, maji yake yakachacha, yakapikwa na mvuke wake ukakingwa. Hiyo ndiyo nipa wanayokunywa walevi. Lakini gari ni mchaguzi kuliko mlevi. Faudhia aliipika mara ya pili na ya tatu, kisha akaitia chokaa ya mawe iliyotoka tanuruni ikiwa haijaonja maji, ili chokaa ikanywe maji yaliyobaki. Mwisho aliipika tena, na kila dumu akalitia petroli kidogo. Yeye ni mtu wa kuswali, hakutaka mtoto wa mwenzake alewe kwa mkono wake. Siku mwenyekiti wa kitongoji alipokuja kunusa, aliondoka amekunja uso, akasema hii hata shetani hainywi.

Kwa hiyo Faudhia aliposikia kwamba mwanawe ameungua kwa sababu alikuwa amelewa, alikaa chini palepale aliposimama.

Ilikuwa hivi. Adhuhuri moja ya mwaka uliotangulia wateja walikuwa wamejaa gereji, na Rashidy akataka kuwaonyesha gari. Mudrik alimwambia, "Bosi, ekzosi bado ina moto, tungoje." Rashidy akasema, "Unaniaibisha mbele za watu. Mimina." Mudrik akamimina, spiriti ikamwagikia ekzosi. Moto wa spiriti juani hauonekani. Kijana alijua anaungua pale vinyweleo vya mkono vilipoanza kunuka. Mkono wa kulia ukaungua mpaka kwenye kiwiko. Rashidy, ili wateja wasimkimbie, akasema kijana alikuwa ameionja ile spiriti.

Neno likasafiri kutoka Ruangwa hadi Nachingwea kabla kidonda hakijakauka. Mzee Lukumani, baba wa Zuena, msichana aliyeposwa na Mudrik, akarudisha posa. "Mwanangu simpi mlevi," alisema. Mudrik akarudi Marambo kutengeneza pikipiki chini ya turubai. Mkono ukapona. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa, na mama yake ndiye aliyelivaa kovu lile zaidi.

Mabibo yalipokaribia kwisha, Rashidy mwenyewe akaja Marambo, na manukato yake.

"Mama Mudrik, yaliyopita si ndwele. Kuna mashindano Ruangwa, wanakuja hadi watu wa Masasi. Nipa ya watu wengine inalifanya gari likohoe. Nahitaji ya kwako."

Faudhia alimtazama mikono. Ilikuwa mizima, yote miwili.

"Karibu, baba," alisema. "Ngoja nikuletee."

Ndani palikuwa na madumu ya namna mbili. Yaliyopita kwenye chokaa yalikuwa upande wa mlango. Yaliyopikwa mara moja tu, yenye maji yake yote, yalikuwa ukutani. Alisimama katikati. Aliwaza gari linaweza kupinduka. Aliwaza mke wa Rashidy, ambaye hakumkosea kitu. Akajikumbusha alivyoeleza Mudrik: spiriti yenye maji hailipui kitu, inazima tu. Basi akabeba ya ukutani.

Rashidy hakuwa mjinga. Alimimina kidogo kwenye kijiko, akawasha kiberiti. Ikawaka, samawati, safi. Akatabasamu. Hivyo ndivyo wanywaji wanavyopima: ikiwaka ni kali. Mudrik hakupima hivyo hata siku moja. Yeye aliichanganya na petroli kwenye chupa, akaitikisa, akaiacha itulie aone kama itajitenga, maana spiriti yenye maji hujitenga na petroli. Lakini Mudrik si alikuwa mlevi? Nani angemuuliza.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema Rashidy.

"Ndiyo yenyewe," alisema Faudhia.

Rashidy alipoondoka, Faudhia alikwenda kwa mke wa Mzee Lukumani, akamwomba amshawishi mumewe waende wote Ruangwa kuona magari. Kisha akamwambia Mudrik amsindikize, eti macho yake yeye mama hayaoni mbali. Yaliona mbali vizuri sana.

Siku yenyewe watu walipanga mistari pande zote za lami, wengine na jezi za mpira. Subaru ilikuja ikinguruma, Rashidy usukanini, mkono mmoja dirishani. Ilipokuwa ikitembea, petroli na spiriti ya Faudhia zilitikisika zikabaki zimechanganyika. Lakini ilibidi isimame juani kungoja zamu. Humo tangini petroli ikaelea juu, maji na spiriti yakashuka chini, kule pampu inakonyonya.

Bendera ikashushwa. Gari la Masasi likaruka. Subaru ikaruka nayo, urefu wa nyumba kama tatu, ikakohoa, ikayumba, ikakohoa tena, ikanyamaza katikati ya barabara.

Kisha sauti moja ikatoka upande wa jezi: "Limelewa hilo!"

Watu wakaangua kicheko. "Lipelekeni likalale!" "Rashidy, umelinywesha asubuhi asubuhi?" "Mpimeni na dereva!"

Rashidy aliwasha, akawasha tena, betri ikachoka. Alishuka jasho likimtiririka. Macho yake yakamwona Mudrik katika umati, akaita, "Mudrik! Njoo bwana, njoo uangalie."

Faudhia alimshika mwanawe mkono, ule wenye kovu. Mudrik akautoa polepole, akaenda. Akachomoa mpira wa mafuta, akakinga mafuta kwenye chupa tupu ya maji, akaitazama juani. Mstari ulionekana wazi, juu manjano, chini meupe. Kisha akageuka akamtazama mama yake. Faudhia hakukwepesha macho.

"Tatizo nimeliona, bosi," alisema. "Lakini mimi si mlevi? Mlevi anagusaje gari lako mbele ya watu wote hawa?"

Rashidy akatazama chini. "Achana na hayo. Tengeneza."

"Siwezi. Nimelewa."

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, maana waliona hapo hapana mchezo. Rashidy akamsogelea, akanong'ona, "Haya. Hukunywa."

"Wa nyuma hawajasikia," alisema Faudhia. Alikuwa ameshafika, amesimama mbele ya boneti, na kanga yake ameifunga kiunoni. Hatua chache nyuma yake alikuwa Mzee Lukumani.

"Mama, nimeshasema."

"Umemwambia yeye. Yeye alikuwa anajua. Waambie uliowaambia."

Rashidy aliwatazama watu, na simu zao zilizoinuliwa. Akapaza sauti. "Mudrik hakuwa amelewa. Mimi ndiye niliyemwambia amimine wakati ekzosi ina moto."

Mzee Lukumani alivua kofia, akajifuta paji la uso, akaivaa tena. "Nimesikia," alisema. "Mudrik, kesho upite nyumbani."

Mudrik alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati. "Mama, nikimwaga haya na kujaza petroli tupu, linawaka sasa hivi. Nimsaidie?"

Faudhia alifikiria posa iliyorudishwa, na vidonda alivyoviosha kila asubuhi huku kijana akiuma nguo.

"Utamsaidia kesho," alisema. "Leo lisukumwe."

Likasukumwa, na watoto wakiimba nyuma yake, likapita sokoni mpaka gereji. Faudhia alilifuata kwa miguu njia nzima, hatua moja nyuma ya Rashidy, asije mtu akamwonea huruma akalivuta kwa kamba.