Sufuria Kubwa Mlangoni

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyofunga mlango wa jiko kwa ajili ya kitu cha halali.

Nimeiona picha uliyoniletea kwenye simu: pipa lako jipya la chuma la kupikia shayiri, refu kama wewe. Nimeliona na pazia ulilolitundika mbele yake. Pipa limenifurahisha. Hilo pazia ndilo lililonikalisha hapa kukuandikia.

Nilikuwa bi harusi wa juzi tulipokwenda Ujerumani, mume wangu kusoma, mimi kumpikia. Jirani yetu, Bi Helga, mwenye mikono kama ya mwashi, akipika bia nyumbani kwake. Aliilowesha shayiri mpaka ikachipua, akaikausha ikawa kimea, akakiponda, akakitia katika maji ya moto yasiyochemka mpaka maji yenyewe yakawa matamu. Hapo ndipo alipotia majani yake machungu na hamira, na hapo ndipo mimi nilipomuaga. Nusu ya kwanza ya kazi yake niliichukua. Ya pili nikamwachia.

Tuliporudi kwetu Ibra nikawa nakipika kinywaji changu cha shayiri hivyo hivyo katika sufuria dogo. Nachuja, nachemsha na iliki na tangawizi, kinapoa, kinanywewa siku ile ile. Kilichoanza kutoa povu nilikimwagia mitende. La kuvunda halina ubani. Mtaa mzima walikipenda. Hata Ami Khalfan, ami yake mume wangu, mtu wa maneno makali, hakuondoka kwetu bila bilauri ya pili.

Ramadhani ilipokaribia, wanawake wa mtaani wakaniomba nipike cha kutosha futari ya wote. Nikapata sufuria la shaba lililostaafu kupika halua, pana, mtu angeweza kuoga humo. Siku lilipoingia nyumbani, shayiri ile ile ikabadilishwa jina.

"Kidogo ni kinywaji," alisema Ami Khalfan. "Sufuria kama lile ni la pombe. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Litoke, au mie sitii mguu humu tena."

Sikulitoa, mwanangu. Lakini tazama nilichofanya: nikafunga mlango, nikaziba dirisha kwa shuka, nikaanza kuloweka shayiri kimya kimya kama mwizi.

Mama mkwe wangu, Bi Zamzam, akausukuma mlango. Huyu ni mwanamke ambaye mtaa mzima ulirekebisha buibui ukimwona. Nilidhani amekuja kulitupa sufuria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefungia nini humu?"

"Shayiri, mama."

"Shayiri hufungiwa? Basi wewe ndiye uliyeifanya pombe, si Khalfan. Mficha uchi hazai. Litoe nje."

"Nje wapi, mama?"

"Mlangoni. Wallahi kila apitaye ataona unatia nini."

Siku ya kwanza ya Ramadhani nikapika mbele ya nyumba tangu asubuhi. Waliokwenda msikitini walipunguza mwendo, waliorudi wakasimama kabisa. Sufuria dogo hupoa upesi, ukahangaika kuliongezea kuni. Kubwa likishashika moto halikuachii. Ilinibidi kuvuta kuni mapema, kulifunika magunia, kungoja. Na nilikuwa nimefunga. Mpishi ana ruhusa ya kuonja kwa ncha ya ulimi akatema, ila siku ile sikutaka mtu apate neno. Utamu niliupima kwa vidole, kinavyonata. Wifi zangu wakakitia mitungini, wakaitumbukiza katika maji ya falaji, ule mfereji wa mtaa, kipoe. Mpaka jua linazama sikujua nimepika sharubati au maji ya kuoshea vyombo.

Ikaadhiniwa. Bi Zamzam akala tende moja, akaomba bilauri ya kwanza, akanywa mpaka chini. Ng'ambo ya njia alisimama Ami Khalfan, fimbo mkononi.

"Khalfan!" akamwita. "Saumu yangu nimeifungulia tende na hiki. Kama ni pombe, tangaza hapa mbele ya watu kwamba mimi mlevi."

Ami akavuka, akapokea bilauri, akaonja.

"Umezidisha sukari," akaniambia.

"Humo hamna sukari hata chembe, ami."

"Basi hiyo shayiri ina kiburi kama mpishi wake." Akaimaliza. Kisha, bila kututazama usoni, akanyoosha mkono apewe ya pili.

Sufuria lile halikurudi jikoni mpaka Idi.

Sasa sikiliza, mwanangu. Usilipunguze pipa lako lilingane na midomo ya watu, maana midomo haina kipimo. Ukipika kikombe kimoja wataona kikubwa. Shika masharti ya kazi yako: kinywewe siku yake, chenye povu kimwagwe, na kimwagwe watu wakiona. Halali ukiificha umeishitaki mwenyewe, kabla ya mtu kufungua kinywa. Livue hilo pazia leo. Atakayekuja na maneno, mkaribishe, mpe kiti, mjazie bilauri.

Mola aijaalie mikono yako isichoke, shayiri yako ichipue yote, na mlango wako usijue komeo. Amin.