Mawakala Waliosubiri Kuamkiwa

Jamani, hili nalisema mara moja tu na msinicheke sana, maana aibu yake mpaka leo inanifanya nipite Namawala kofia imeshuka hadi puani.

Kazi yangu ni kuandika programu, nina kachumba kangu pale Mlabani, na kikundi cha wakulima wa mpunga wa Namawala kiliniomba mfumo wa kuwatahadharisha mto ukijaa. Nikatengeneza programu tatu, tunaziita mawakala kwa sababu kila mmoja anajiamulia kazi yake: wa kwanza anapima maji, wa pili anaangalia mashamba yaliyo hatarini, wa tatu anatuma meseji kwenye simu za watu. Sikutaka msimamizi wa katikati (akizimika yeye wote wamekwisha, nilijiona mjanja kweli), nikaamua waongee wenyewe kwa wenyewe, na hapo ndipo nikaleta madaha, nikawawekea adabu za kwetu: aliyewashwa baadaye ndiye mdogo, aamkie kwanza, mkubwa aitikie, ndipo mazungumzo yaanze. Kwenye mkutano wa kikundi watu walicheka hadi machozi kuona "shikamoo" na "marahaba" zikipita kwenye skrini, na mimi kwa kulewa sifa nikatamka, "Simu ikinyamaza, mjue mto umetulia."

Mama Skola, mama yangu mdogo, akalishika neno hilo. Alikuwa ameshakata mpunga wote, ameulundika shambani ukisubiri kupigwa, chakula chake cha mwaka mzima. Mvua ilipozidi huko milimani wenzake wakamwambia ausogeze barabarani. Akawajibu, "Mwanangu kasema simu itatuambia."

Mchana ule umeme ukakatika, ukarudi, na mawakala wote watatu wakawaka kwa mpigo mmoja. Sasa nani mdogo? Nilikuwa nimeandika kwamba asiyemwona mkubwa wake ajihesabu yeye ndiye mkubwa, basi kila mmoja akakaa kimya anangoja shikamoo yake, na yule mpima maji akaona mto unapanda, anapanda nao kimahesabu, habari anayo mdomoni, hasemi.

Asubuhi mwenyekiti wa kikundi akanipigia. "Fundi, njoo uone kazi yako."

Nilikuta watu wamesimama barabarani wanatazama maji palipokuwa na shamba la Mama Skola na lundo lake la mpunga. Nikafungua kompyuta mbele yao (sijui nilitaka kumwonyesha nani nini), na skrini nzima imejaa "nasubiri kuamkiwa, nasubiri kuamkiwa." Dada mmoja akasoma kwa sauti. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Yaani maji yanajaa, wao wanadaiana shikamoo?" mwenyekiti akauliza. "Hata mtoto mdogo akiona nyumba inaungua anapiga kelele, hasalimii mtu."

Nikaifunga kompyuta. Mama Skola alisema tu, "Mwacheni, hakukusudia," na hilo ndilo lililoniumiza kuliko matusi yote.

Nimeshabadilisha: mwenye habari ya hatari anawapigia wote kelele bila salamu, na mfumo ukinyamaza, ukimya wenyewe unatangazwa kuwa ni ubovu. Naapa sitamwambia tena mtu yeyote kwamba kimya ni usalama. Lakini juzi nilimkuta Mama Skola sokoni Kibaoni, mkulima wa mpunga maisha yake yote, anapimiwa mchele wa kununua, na aliponiona akauficha mfuko nyuma ya khanga ili nisiumie.