Siku Egidi Alipobeba Ugali Kwenda Sengu

Malezi ni somo lenye walimu wengi kuliko wanafunzi. Mtu ambaye hajawahi kumwogesha hata mbwa atakueleza namna ya kumlaza mtoto, tena kwa kujiamini. Egidi Kapinga wa Maguu alilijua hilo mwaka ule mkewe, Valeria, alipokwenda Songea kusomea uuguzi, akamwachia mabinti wawili, shamba la kahawa na jogoo mmoja mkorofi.

Kwenda kwa Valeria walikubaliana wote wawili. Egidi mwenyewe alimsindikiza hadi stendi ya Mbinga mjini, akampakilia begi, akamwambia, "Wewe soma, mama Lidia. Nyumbani nipo." Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Maneno yenyewe mepesi. Kazi yake ndiyo iliyokuwa nzito.

Mwanzoni alijifunza haraka. Alijifunza kwamba sare za shule hufuliwa Ijumaa, kwa sababu baridi ya Maguu haina haraka na nguo ya mtu, na Lidia wa darasa la nne alikwisha kwenda shule mara moja na sketi mbichi inayomgandia mapajani. Alijifunza kwamba watoto wawili wakigombea kigoda, usiulize nani kaanza. Ukiuliza utapewa historia tangu Krismasi. Yeye alikichukua kigoda akakikalia, na ugomvi ukaisha kwa kukosa mtaji.

Hata ngolo alichimba. Wasioijua Umatengo niwaambie: milima yetu imesimama wima, na mtu akilima hovyo, mvua itampelekea udongo kwa jirani wa bondeni. Kwa hiyo mwanamume hufyeka majani, akayapanga chini kwa miraba, na mwanamke huchimba udongo katikati ya mraba na kuyafunika majani. Yanabaki mashimo mlima mzima, na juu ya matuta yake ndiko maharage yanakokaa. Kazi ya mwanamume na ya mwanamke zinajulikana. Machi ile Egidi alifyeka, akapanga, kisha akageuka akachimba mwenyewe, na wapita njia wakasimama kutazama kama waliokuta ng'ombe anakamua maziwa. Wakacheka. Egidi akacheka nao, lakini kicheko kile kilimkaa rohoni.

Ndiyo maana aliacha kwenda sengu.

Katika ukoo wao jioni haikuliwa nyumba kwa nyumba. Ndugu wote walikusanyika uani kwa kaka mkubwa, Salvatory, kila nyumba na ugali wake, mboga ikipikwa kwa zamu. Wanaume waliketi mduara wao, wanawake wao, watoto wao, na chakula kikachanganywa. Habari zikasemwa, aliyekosa akasemwa, aliyefiwa na mbuzi akapewa pole. Hilo ndilo sengu. Lakini chungu cha kila nyumba huja kichwani kwa mwanamke wake. Mwanamume mzima, mwenye ndevu, atatokeaje pale amejitwika bakuli la ugali? Egidi alikiona kicheko kabla hakijachekwa. Akajifungia nyumbani na wanawe, akiketi nao mezani chini ya picha ya Bikira Maria, akidhani amelinda heshima yake.

Hapo ndipo Beata, binti mdogo, alipoacha kula.

Beata alikuwa na miaka minne, mashavu aliyokuwa nayo yakaanza kupungua. Akiwekewa ugali, anautazama. Akibembelezwa, anageuza uso. Egidi naye alikaa mbele yake, sahani yake mwenyewe ikipoa, macho yake kwenye mdomo wa mtoto kama mwamuzi anayesubiri goli. Kwanza kijiko kikawa pikipiki na mdomo ukawa gereji, gereji ikafungwa. Kisha akaahidi biskuti kwa matonge mawili. Beata akataka biskuti kwanza, akapewa, akaila, akasema ameshiba. Akaona bora kutisha: akasema fisi huwachukua watoto wasiokula. Beata hakula vilevile, na tangu siku hiyo akakataa kwenda chooni bila kusindikizwa. Mwenye choo cha nje asimwite fisi nyumbani.

Washauri nao wakafika. Jirani yake, mama Gaudiosa, alisema, "Mnyime. Njaa ni mwalimu." Mwalimu Meshack, aliyehamia kutoka Mwanza na ambaye mwenyewe hakuwa na mtoto, alisema, "Mpikie anachokipenda tu, mzee." Egidi, kwa kutotaka kumkosea mtu, alifuata yote mawili siku moja: asubuhi alimnyima, mchana akamkaangia yai. Mtoto akashangaa, akala kiini, ute akampa jogoo. Jogoo alinenepa sana mwaka ule. Kule zahanati muuguzi alimpima Beata, akampa dawa ya minyoo, akasema haoni ugonjwa, ila uzito umeshuka kidogo na usiendelee kushuka.

Siri ile ingebaki pale kama si Lidia. Bibi yao, Bibi Otilia, mama yake Valeria, aliishi Lituhi, ufukweni mwa ziwa. Alipiga simu siku moja kusalimia, Lidia akaipokea, na mtoto akiulizwa habari hutoa habari.

"Bibi, Beata hali. Mayai anakula jogoo."

Simu ikahamia kwa Egidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkwe, hebu nisikilize. Kahawa ikiisha kuvunwa nakuja. Nikimkuta mjukuu wangu amekonda, naondoka naye. Atakula samaki na wenzake huku mpaka mama yake amalize chuo. Umenisikia, baba?"

"Nimesikia, mama."

Alisikia, na aliogopa. Alijua Valeria akisikia mtoto kahamishwa, hakuna somo litakalokaa kichwani mwake. Alijua pia kwamba nyumba bila Beata ingekuwa kubwa mno kwake. Lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba pengine mama mkwe alikuwa na haki. Msimu mzima alichuma kahawa akiwaza hilo, akaikoboa akiwaza hilo, akaianika kichanjani, na kila alipomnyanyua Beata alihisi uzito wake mikononi, akimwomba Mungu uwe umeongezeka.

Bibi Otilia alifika Jumamosi alasiri, nyuma ya pikipiki, amejifunga khanga mbili juu ya sweta, kapu la mbasa wakavu, samaki wa ziwani, mapajani. Alisalimiwa kwa magoti, akaitikia. Akamwita Beata, akamshika mkono juu ya kiwiko, vidole vyake vikakutana. Hakugomba. Afadhali angegomba.

"Jumatatu asubuhi naondoka naye," alisema taratibu. "Usinielewe vibaya, baba. Umejitahidi."

Egidi akaitika, akaenda kupika, maana mgeni lazima ale. Akasonga ugali, akapakua maharage. Na hapo mila ikambana. Mkwe na mama mkwe hawali pamoja. Ndivyo walivyolelewa wote wawili, Egidi milimani na Bibi ziwani. Akamwandalia Bibi Otilia sebuleni, lakini Bibi alikuwa ameshahamia jikoni kwenye moto kwa sababu ya baridi, akaomba ale palepale. Basi Egidi akahamia sebuleni. Sebule na jiko vilitazamana, mlango haukuwa na pazia, na kila alipoinua tonge alikutana na macho ya mama mkwe. Akalishusha. Nje kulikuwa na ukungu, na mwanamume hali uani kwake peke yake kama aliyefukuzwa. Kutoka ng'ambo ya pili ya mteremko, kwa Salvatory, zikasikika sauti za watu na harufu ya moto.

Egidi alisimama. Akaufunika ugali wake kwa sahani nyingine, akatoka.

"Baba unaenda wapi na ugali?" Beata alipiga kelele mlangoni.

"Sengu."

"Na mimi!"

Lidia akachukua bakuli la maharage bila kuagizwa, na wote watatu wakashuka, wakapanda, mmoja nyuma ya mwingine, wakapita kwenye kahawa hadi uani kwa kaka mkubwa.

Watu wakageuka kutazama. Salvatory, ambaye hakuwahi kuacha mzaha umpite bila kuusalimu, aliinua mikono miwili.

"Haa! Mama Lidia, karibu sana! Ondoeni kuku, mama Lidia kaleta ugali!"

Ua wote ukaangua kicheko. Wanawake walishikana mabega. Egidi alitamani ardhi ipasuke. Salvatory akafunua sahani, akamega, akatafuna, akatafuna tena.

"Ndugu zangu, una madonge. Ugali huu haumezwi, unajadiliwa." Akamega tena. "Lakini mwenye njaa hachagui. Njoo ukae, tumekusubiri tangu Machi."

Na ikawa imekwisha. Kicheko alichokikimbia miezi yote ile kilimalizika kabla maharage hayajapoa. Wakamsogezea kigoda, wakamtia katika ubishi wa mbuzi aliyeingia shamba la mtu, na Egidi, ambaye alikuwa na hoja nzito kuhusu mbuzi yule, alisahau kabisa kutazama watoto wanafanya nini.

Watoto walikuwa wamezunguka sinia lao. Hakuna aliyemwambia Beata karibu, hakuna aliyemwambia kula. Alisimama kidole mdomoni, akaona mpwa wa Egidi, Vitalis, akipeleka matonge kama mashine ya kukobolea kahawa. Akaona maharage yanapungua. Akaona ugali umebaki upande mmoja tu. Akachuchumaa.

Egidi alikuja kushtushwa na kilio. Akaruka, maana alikitambua, akidhani mtoto ameungua. Beata alikuwa ameketi kati ya binamu zake, maharage mpaka kwenye nyusi, ananyoosha kidole.

"Vitalis kachukua tonge langu! Lilikuwa langu!"

Alikuwa analilia ugali. Egidi alisimama pale, mwanamume mzima, machozi yakamtoka bila aibu, na kwa bahati moshi ulikuwepo wa kusingiziwa. Nyuma yake, kando ya ua, alisimama Bibi Otilia na sweta ya mtoto mkononi. Alikuwa amewafuata kuileta, na alikuwa ameona. Wanawake wakamkaribisha kwenye mduara wao. Akaketi, akapewa maji ya kunawa.

Wakati wa kurudi Beata alibebwa mgongoni. Alikuwa karibu kusinzia.

"Baba, leo umekula."

"Nimekula, mwanangu."

"Nyumbani huli. Unaniangalia tu."

Ni kweli. Tangu aache sengu Egidi alikuwa akimlazimisha mtoto kula mbele ya baba asiyekula, mezani penye kiti kitupu, kimya kimya kama kwenye msiba. Hata yeye angewekwa pale asingepata hamu. Ilimuuma, na papo hapo ikampunguzia mzigo, kwa sababu kosa ukilijua unaweza kuliacha kesho yake.

Jumapili baada ya misa walikwenda tena, na safari hii Egidi hakuufunika ugali. Wanawake walimwita pembeni, wakamwonyesha namna ya kuukoroga uji kabla ya kuongeza unga, wakamwambia kwamba nyumba yake sasa iingie kwenye zamu ya mboga kama nyumba nyingine, kuanzia kesho yake, hakuna cha huruma. Beata alikuwapo, akasikia, akaliweka moyoni.

Jumatatu asubuhi pikipiki ilikuja. Bibi Otilia alikuwa amekwishafunga mkoba wa mjukuu wake tangu Jumamosi, na alikuwa mtu wa neno lake. Egidi alitoka akasimama uani, mikono haijui pa kukaa. Hakubembeleza. Alijua kwamba siku mbili za kula si mwaka, na bibi ana haki na damu yake. Alimtazama tu Beata aliyekuwa anamfukuza jogoo, akajaribu kuishika sura yake vizuri.

"Beata," Bibi aliita. "Njoo, mama. Tunaenda ziwani. Utaogelea, utakula samaki kila siku."

Beata akaja mbio, akauona mkoba, akausoma uso wa baba yake, kisha akamgeukia bibi kwa uso wa mtu mwenye shughuli nyingi.

"Bibi, leo siwezi. Leo zamu ya mboga ni yetu."

"Ya nani?"

"Yetu. Ya mimi na baba na Lidia. Tusipopeleka watoto watakula ugali mkavu."

Dereva wa pikipiki alicheka. Bibi Otilia hakucheka. Aliuchukua mkoba, akauning'iniza kwenye msumari wa mlango, akalisogeza kapu la mbasa mbele ya mkwe wake, uso ameuelekeza pembeni kwa heshima.

"Waloweke kwanza kwenye maji ya moto, uwatoe miiba mikubwa, ndipo uwaunge kwa nyanya. Chumvi usitie, wanayo. Na wapike wote, watu wa huku wasije wakasema wakwe zao wa ziwani ni wachoyo."

"Ndiyo, mama."

Akapanda pikipiki, akajifunga khanga, akamgusa dereva begani angoje kidogo.

"Nikifika nitampigia Valeria," alisema. "Nitamwambia asome kwa raha. Mtoto yuko kwao."

Pikipiki ikakata kona kwenye kahawa, na Beata akamvuta mkono akachemshe maji.